Upande wa Nyuma wa Alder Creek

Hakuna mtu kaunti nzima aliyeichukia shule kama Orville Tesdahl, na hakuna aliyekuwa na shule nyingi kama yeye. Aliliacha darasa la nane njiani, akaishia kuchochea tanuri la shule ya mji kwa miaka thelathini na minane. Alipostaafu akaanza kukusanya kadi za posta za zamani, zile za kabla ya vita vya kwanza vya dunia, kila moja na jengo lake la shule: matofali mekundu, mnara wa kengele, ngazi za kujidai. Alikuwa nazo mia nne, ndani ya maboksi ya viatu.

"Mtoro mkubwa wewe," mkewe Lavonne alimwambia, "leo umezifuata shule mwenyewe mpaka umenijazia uvungu wa kitanda."

Moja tu aliyoikosa ilimnyima raha: ya shule ya Alder Creek, iliyoungua kabla hajazaliwa. Hapo ndipo aliposoma mama yake, Thora, na kwa kauli yake mwenyewe hakukosa hata siku moja. Orville aliimbiwa wimbo huo utoto wote. Siku aliyokwepa hesabu akaenda kuvua kambare, mama alimcharaza mkanda, kisha akasema, "Sijui umemrithi nani." Neno hilo lilimkaa kooni miaka sitini. Alitaka aione hiyo shule takatifu ya mama kabla hajafa.

Aprili ya 1985, wakusanyaji walikutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Walutheri. Kwao, boksi lenye mikono ya mtu haliguswi na mwingine. Siku hiyo, kwenye boksi la kadi za shule, mikono ilikuwa ya Maxine Prohaska, mjane na mshindani wa Orville wa siku zote. Alijua Orville yuko mgongoni, basi akawa anapekua kadi mojamoja kama anayechambua mchele. Akachomoa Alder Creek.

"Maxine, nionee huruma, bibie."

"Huruma nilimzika nayo mume wangu. Nipe Elgin Mills yako."

Elgin Mills ilikuwa shule yenye minara miwili, na kadi yake Orville aliitembeza mfukoni kila mkutano ili kuwaringia wenzake. Aliitoa kama anayeng'oa jino. Alder Creek akaitia mfukoni bila kuigeuza, maana wakusanya majengo hawageuzi kadi. Maandishi ya nyuma waliwaachia wambea.

Nyumbani alikuwapo mmoja. Lavonne aliigeuza hata kahawa haijachemka, akasoma kwa sauti:

"Binamu Inga, dirisha nililotia alama ya X ni langu. Hapo ndipo ninaporukia kila Ijumaa kwenda kuvua. Mwalimu kanifukuza wiki mbili. Mama hajui, ukimwambia, sikujui. Thora Lien, 1909."

Lavonne alishika kiuno. "Mama mkwe! Siri kaianika kwenye kadi, mpaka tarishi kaisoma!"

Orville alimpokonya. Kweli, X ndogo ya wino ilikuwa kwenye dirisha la chini, naye aliidhania doa. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikamwishia, akabaki na machozi. Alimkasirikia mama, na hapohapo alimtamani kuliko siku aliyomzika.

Akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Mama," aliiambia kadi, "si ungesema tu, twende wote."