Sauti Iliyopita Kwenye Ukungu

Najua sina mvi hata moja, lakini nyinyi wa rika langu mliokulia huku kwetu karibu na Kaplong, acheni nizeeke kidogo leo. Mnakumbuka ule ukungu wa asubuhi? Si huu wa siku hizi unaokimbia saa mbili. Ule wetu ulikaa kwenye majani ya chai kama mgeni aliyepewa kiti. Tulikimbizana katikati ya mistari miguu ikiwa imelowa umande, mfukoni kiazi cha kuchoma bado kina jivu. Ukimpoteza mwenzako hatua tano tu, amepotea. Na nyanya yangu, Kogo, alikuwa ametuonya: humo ndani anatembea Chemosit, zimwi la mguu mmoja lenye mdomo mwekundu kama kaa la moto. Huwa haliiti mtoto kwa jina. Huimba tu, na mtoto akaufuata wimbo mwenyewe.

Mwenzangu wa kupotea naye alikuwa Atieno. Baba yake alifanya kazi kiwandani. Walitoka kule ziwani wakapanga nyumba ya mabati kwenye boma letu. Mama yake alichuma chai pamoja na Kogo. Macho ya Kogo yalikuwa yameingia wingu, lakini vidole vyake viliona. Vilipapasa, majani mawili na chipukizi, tap, ndani ya kikapu. Mama Atieno alimshika mkono kumvusha mtaro, wakirudi wakicheka mambo ya watu wazima.

Kisha ukaja msimu wa kura. Ukimuuliza mtu mzima chama cha Kibuyu na chama cha Ngazi vina tofauti gani, alikuangalia kama umeuliza tofauti ya ng'ombe na mbwa. Kibuyu ni rangi ya njano, ni chetu. Ngazi ni buluu, ni cha wale. Basi. Mambo ya barabara na dawa hakuna aliyeyataja. Hata sisi shuleni tuligawana madawati kwa rangi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Jioni moja, tukinywa chai, Baba akasema, "Hao watu wa Ngazi watafute nyumba kwingine kabla ya siku ya kura. Siwezi kulala nao boma moja."

Mimi niligeuka nikatazama mabati ya nyumba ya kina Atieno.

Kesho yake asubuhi tulikuwa shambani, Kogo, Atieno na mimi. Sauti ilitangulia, gari la kampeni hatukuliona. Ilitoka kwenye ukungu, kubwa, haina mwili. "Wananchi! Msisahau! Kibuyu ndicho maziwa ya watoto wenu!" Kila mtangazaji alipofika kwenye s, sauti ilipiga mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Tuliingia chini ya miti ya chai. Atieno alinibana mkono. "Ni yeye," akanong'ona. Sikuuliza nani.

Baada ya kama saa moja ikarudi. "Wananchi! Msisahau! Ngazi ndiyo itawapandisha!" Mluzi uleule.

Vidole vya Kogo vilisimama juu ya jani. "Huyu ni yule yule," akasema. "Nendeni mniitie mwanangu Kiprono."

Baba alikuja akanung'unika kwamba kuna ng'ombe anamngoja. Kogo akamsimamisha kando ya barabara. "Funga macho. Sikiza." Mtu mzima na ndevu zake, akafunga. Tukangoja. Sauti ikateremka tena, msisahau, msisahau, na niliona vinyweleo vya mkono wa Baba vikisimama. "Si huyu ni wetu wa Kibuyu," akasema, halafu akafungua macho. Gari la buluu likajitokeza, likamezwa tena na ukungu.

"Lakini Mama," akasema polepole, "rangi ni tofauti."

Kogo akacheka. Sikukipenda kicheko kile. "Mimi rangi sina tena, mwanangu. Nimebaki na sauti."

Siku ya kura sisi watoto tulining'inia kwenye ua wa shule kama nguo. Foleni ilikuwa ndefu na kimya. Kogo alipofika mlangoni karani akamwuliza, "Nyanya, nani atakusaidia kuweka alama?" Baba tayari alikuwa amepiga hatua mbele, na koti lake la kanisani.

"Mama Atieno yuko wapi?" akauliza Kogo.

"Wewe Kogo!" mtu akapaza sauti. "Huyo si ni wa Ngazi!"

"Huyo huyo. Ananishika mkono mwaka mzima, hajaniacha nianguke kwenye mtaro hata siku moja. Ama ni wewe ulikuwa unanishika na sikujua?"

Watu wakacheka kidogo. Wanawake wawili wakaingia. Walitoka wameshikana, kila mmoja na wino kidoleni. Habari ya nyumba Baba hakuigusa tena. Utamfukuzaje mtu aliyebeba siri ya mama yako?

Kogo alipofariki tulimlaza karibu na ua wa boma. Mwaka jana nikamwuliza Mama Atieno: huko ndani ilikuwaje?

"Aliniambia nisome majina polepole," akasema. "Kila jina akauliza, 'Huyu umewahi kumsikia akiongea mwenyewe?' Halafu akachagua."

"Alichagua nani?"

"Chuma chai, Chebet."

Sasa Kibuyu na Ngazi vimekufa vyote, kuna vyama vipya na rangi mpya. Na yule mtangazaji, watu wa Silibwet wanasema walimzika zamani. Lakini juzi ukungu ulishuka ukakaa kama ule wa enzi zetu, na kutoka ndani yake nikasikia: "Wananchi! Msisahau!" Na ule mluzi. Wananiambia ilirekodiwa, inachezwa tu. Sawa. Watoto wa siku hizi, wanaojua kila kitu isipokuwa kuogopa, walitoka mbio na simu juu wakipiga video, wakaifuata wakicheka mpaka sikuwaona tena.

Sisi enzi zetu tulijificha. Juzi nilifunga macho, nikanyoosha mkono pembeni kama zamani. Atieno ameolewa mbali, kwa hivyo nilishika mti wa chai, nikasikiza.