Mashine ya Mzee Kapeti Inayokataa Kwenda Mbele

Saa nne na robo asubuhi, Mzee Kapeti anakanyaga pedali ya kwenda mbele, na mashine ya kukatia nyasi inarudi nyuma. Anaondoa mguu. Anatazama pedali, anatazama kiatu chake, kisha anakanyaga tena, safari hii taratibu. Mashine nayo inarudi nyuma taratibu, mpaka kiti kinagusa ukuta wa stoo.

“Mimi nimeiambia twende,” anasema bila kushuka. “Yenyewe inasema turudi. Sasa hapo nimsikilize nani?”

Ana miaka hamsini na saba, na kwa miaka kumi na tisa amekata nyasi za chuo hiki cha ualimu: uwanja wa mpira, ua wa ofisi na mteremko mrefu ulio nyuma ya mabweni. Jina la Kapeti alipewa na wanachuo. Amelizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina la kwenye hati ya mshahara, anageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Mashine yake ni ile ya kukaliwa, yenye kiti na usukani kama trekta dogo. Leo ni Alhamisi. Msimamizi wa majengo amempa mpaka kesho saa sita mchana. Kesho saa sita, mtu wa kampuni ya kukata nyasi anakuja kupima uwanja, na kama mashine haitembei, kazi itakuwa ya kampuni na Mzee Kapeti ataenda nyumbani, miaka mitatu kabla ya kustaafu.

“Sikulala vizuri,” anakiri. “Si kwa sababu ya hofu tu. Ni kwa sababu sielewi. Mtu akifukuzwa kazi angalau ajue kosa.”

Ugonjwa ulianza miezi minane iliyopita. Mashine ikipanda mteremko ilikuwa inapungua nguvu, na oili ikishapata moto, inasimama kabisa huku injini ikinguruma vizuri tu. Alibadilisha mkanda, haikusaidia. Mwishowe fundi mmoja wa mjini aliisikiliza na kutikisa kichwa: giaboksi imekwisha.

Giaboksi hiyo ni boksi la chuma lililofichwa chini ya kiti. Huchukua nguvu ya injini kupitia mkanda, na kutoka ubavuni mwake zinatoka ekseli mbili zinazozungusha magurudumu ya nyuma. Haifunguliwi ikarekebishwa kirahisi. Inatolewa nzima, inafungwa nyingine.

Chuo kilikubali kununua giaboksi, lakini si kumlipa fundi wa kuifunga. Ilichukua wiki tano kufika. Wiki hizo zote, Mzee Kapeti alikata uwanja kwa fyekeo, saa sita kwa siku. Alipomaliza goli la kaskazini, nyasi za goli la kusini zilikuwa zimemfika magotini. Nyonga ya kulia inamuuma hadi leo.

Boksi lilikuja na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua, chenye picha ya mtu asiye na uso anayeelekeza kidole kwenye nati. “Nilikisoma mara tatu,” anasema. “Mara ya tatu ndiyo nilielewa kidogo kuliko zote.”

Basi akafuata njia yake mwenyewe. Mzee Kapeti hafungui kitu bila kadibodi. Huchora umbo la mashine, na kila bolti anayoitoa huichomeka palepale ilipotoka kwenye mchoro. Aliinua mashine kwa jeki, akaiegemeza kwenye magogo, akatoa magurudumu, akalala chini na kuchora: bolti, vyuma vya pedali, na njia nzima ya mkanda, puli moja baada ya nyingine, yaani vile vigurudumu unamopita mkanda. Mwandishi wa makala haya ameiona kadibodi hiyo, na anakiri kwamba ni safi kuliko daftari lake.

Jumatano jioni kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Hakuna bolti iliyobaki. Alikanyaga pedali mbele na nyuma mara nyingi, magurudumu yakiwa juu, kutoa hewa kwenye oili. Akashusha mashine chini, akasema bismillahi, akakanyaga. Ikarudi nyuma.

Tangu hapo kila mtu ana jibu lake. Dereva wa basi la chuo anasema giaboksi imefungwa kichwa chini miguu juu. Mpishi anasema injini ndiyo inazunguka kinyume. Muuzaji alipopigiwa simu alicheka, akasema, “Mzee, hilo haliwezekani,” akakata.

Msomaji atauliza: kama pedali ya mbele inarudisha nyuma, si akanyage ya nyuma aende mbele? Mwandishi naye aliuliza, na akajiona ana akili. Mzee Kapeti alimtazama kwa huruma.

“Nimejaribu, mwanangu. Inakwenda, tena kwa mwendo wa kobe. Lakini ukikanyaga ya kurudi nyuma, visu vinajizima vyenyewe, usije ukamkata mtu usiyemwona. Kwa hiyo nitatembea uwanja mzima bila kukata jani. Na hebu nusa.” Chini ya kiti kunatoka harufu ya raba iliyoungua.

Kufikia saa saba ametoa kiti mara mbili na kukirudisha mara mbili. Ameketi kwenye ndoo, mikono myeusi kwa grisi. Ndipo mkewe anapoingia stoo akiwa na miwani mkononi na futi ya kupimia nguo shingoni. Ni fundi cherehani. Kibaraza chake kiko mtaa wa pili.

“Baba watoto, miwani umeiacha mezani. Ulikuwa unafanyaje kazi bila macho?”

“Macho hayasaidii, mama. Hili jambo ni la wakubwa kuliko sisi.”

Mama anakunja sketi, anachutama na kuchungulia chini ya mashine.

“Huu mkanda umeupishanisha kwa makusudi?”

“Nimeupishanisha wapi?”

“Hapa. Unajikata kama mkasi, unajisugua wenyewe. Cherehani yangu mkanda ukipishana hivi, gurudumu linazunguka kinyume na uzi unakatika. Hata mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo.”

Mzee Kapeti anachukua kadibodi, anaigeuza, anaigeuza tena. Kisha anajipiga kofi la paja. Siku ya kuchora alilala kichwa kikiwa nyuma ya mashine. Siku ya kufunga, jua lilikuwa limehamia upande huo, akalala kichwa kikiwa mbele. Kadibodi ilisema kulia na yeye akafuata kulia, ila kulia kulikuwa kumehama. Bolti za pande mbili zinafanana, kwa hiyo hazikumshtaki. Mkanda tu ndio ulipinda.

Analegeza springi, anautoa mkanda kwenye puli moja, anaunyoosha, anaurudisha. Dakika kumi na tano. Anapanda, anakanyaga, na mashine inatoka stoo ikielekea mbele. Mkewe anapiga kigelegele kifupi, kisha anakumbuka ana mteja anayesubiri suruali. Mzee mzima anafuta macho kwa mgongo wa mkono, na grisi inabaki shavuni.

Ijumaa saa sita, mbele ya msimamizi na mgeni wa kampuni, aliupanda mteremko wa mabweni mara tatu bila kusimama. Msimamizi alimpa fomu ya matengenezo aijaze. Msimamizi akishaisaini, kampuni ingeambiwa ahsante, labda mwaka mwingine. Mstari wa mwisho uliuliza jina la fundi.

Hapo Mzee Kapeti alichanganyikiwa upya. “Niliifungua mimi, nikaifunga mimi,” anasema. “Lakini niliyoifunga mimi ilikwenda nyuma.” Dereva alimshauri aandike jina la binamu wa dereva mwenyewe, mwenye cheti cha ufundi. Alikataa. Aliandika: *Mke wangu, fundi cherehani.*

Msimamizi alisoma mara mbili. “Mzee wangu, hapa panatakiwa fundi mashine.”

“Bosi, kwani cherehani ni nini?”

Msimamizi alitoa kalamu, akasaini.

Jioni alimpelekea mkewe habari kibarazani, akitegemea pongezi. Mama aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

“Umeandika ‘mke wangu’? Miaka ishirini na minane, jina langu umelisahau?”

Mzee Kapeti ana mipango. Anataka kumaliza miaka yake mitatu akiwa juu ya kiti kile, na kuifungua giaboksi ya zamani aone ilikufa kwa nini. Lakini hiyo itasubiri. Jumatatu saa mbili kamili atakuwa mlangoni kwa msimamizi kuomba ile fomu, afute maneno mawili ya kwanza na kuandika majina ya mkewe yote matatu, kwa herufi kubwa.