Mkanda wa Kidevuni

Siku hizi ngazi za jengo lile huamka zenyewe. Zamani ziliamshwa. Alfajiri, kabla mabomba hayajakohoa maji ya kwanza, sauti ya mwanamke wa ghorofa ya tatu ilishuka ikigonga milango: "Fundi cherehani, amka, shati la watu halijishoni! Na nyie wa chini, mtoto huyo avae viatu!" Walimlaani kila asubuhi, na kila asubuhi walifika kazini mapema. Walimwita Tarumbeta. Sasa fundi cherehani amenunua saa ya mezani, na analalamika kwamba haijui kutukana.

Sauti ile ndiyo iliyomlisha. Alinadi mitumba sokoni, akiita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, mpaka soko lilipovunjwa. Akakaa nyumbani, sauti ikamjaa kifuani kama maji kwenye pipa. Wifi yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyemletea habari za kazi. Yeye mwenyewe aliendesha bembea za kuzunguka kwenye bustani ya michezo, zile ambazo viti vyake huning'inia kwa minyororo.

"Wanatafuta mtu wa kuingia ndani ya Bonge," wifi alisema. "Yule kiboko. Unacheza, unapunga mkono, unakumbatia watoto. Sharti ni moja: huongei."

"Mimi?"

"Hapo ndipo kaka yangu alipocheka mpaka akapaliwa."

"Mwambie kaka yako, nikinyamaza mimi ndipo atakaposikia anavyokoroma."

Siku ya kwanza walimpeleka kwenye chumba cha nyuma ya vyoo. Kichwa cha Bonge kilitundikwa kwenye ndoano, kinywa wazi. Msimamizi alikuwa mwanamume mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa.

"Bonge ni mmoja," alieleza. "Wanaoingia ndani ni wengi. Akiongea leo kwa sauti yako, kesho ataongea kwa ya nani? Ukizidiwa, pishanisha mikono juu ya kichwa. Tutaiona, tutakutoa."

Akamvisha. Vifungo vilikuwa nyuma, mahali ambapo mwenye kuvaa hafikii, na mikono yenyewe ilikuwa ndani ya viganja vinene vya sponji. Mkanda wa turubai ulipita chini ya kidevu, ukavutwa. Alipogeuza uso, mkanda ule ukamgusa mdomo, na midomo yake ikahisi kitu: ukingo ulikuwa umetafunwa. Mtu alikuwa ameung'ata, tena si mara moja.

"Aliyekuwamo kabla yangu yuko wapi?"

"Aliacha," alisema msimamizi, na kifungo cha mwisho kikalia.

Ndani ya Bonge huoni ardhi. Unatazama kupitia koo la mnyama, na kinywa chake kimeelekea juu. Tarumbeta alijifunza ulimwengu kwa upande wa chini: videvu vya watu, vitako vya maputo, mbao za viti vya bembea vikipita juu yake na soli za watoto. Joto lilikuwa la tanuri. Mchana ule jasho likamwingia machoni, hewa ikamwishia, akapishanisha mikono juu ya kichwa.

Watu wakashangilia.

Mtoto mmoja akapishanisha yake. Kisha mama yake. Kisha foleni nzima ya bembea, wakicheka, wakimwiga Bonge. Wifi naye, kule kwenye kibanda chake cha swichi, akapishanisha yake huku akicheka. Tarumbeta alisimama pale akizimia wima, akizungukwa na mikono inayoomba msaada kwa furaha.

Jioni msimamizi alimpongeza. "Umebuni kitu. Fanya kila saa."

"Na nikizidiwa kweli je?"

"Ah, dada. Utazoea."

Akazoea. Na mazoea yana tabu, ndugu zangu: yalimfuata nyumbani. Akaanza kujibu kwa kichwa. Akawa anaomba chumvi kwa kidole. Mumewe aliona amani imeingia, lakini mama mkwe, aliyelala chumba cha nyuma na kuisikia nyumba kuliko alivyoiona, hakupendezwa.

"Mwanangu, nyumba iliyonyamaza ghafla ina kitu inakificha."

"Nimechoka tu, mama."

"Aliyechoka hulalamika. Wewe hata hulalamiki."

Kazini, bila kukusudia, meno yake yalikuwa yameanza kuutafuta mkanda. Aliutafuna palepale mwenzake alipoishia.

Ikaja Jumapili yenye watu wengi. Bonge alikuwa chini ya bembea, abiria wakipanda kutoka jukwaani. Juu yake, kwenye kiti cha ukingoni, akaona soli mbili ndogo nyekundu, na juu ya soli ubao, na pembeni mwa ubao pini ya mnyororo iliyotoka karibu yote, imebaki ncha. Aliyesimama jukwaani asingeiona.

Akapishanisha mikono juu ya kichwa.

Umati ukapishanisha. Akapunga, akaruka, akapishanisha tena. Wakapiga makofi. Wifi kibandani akamjibu kwa mikono yote miwili, kisha akashusha mmoja, akabonyeza swichi. Viti vikaanza kwenda, polepole.

Alipiga kelele ndani ya kichwa, sponji ikaimeza. Akavivuta viganja vya sponji, havikutoka. Ndipo alipouma mkanda. Aliuma kwa meno ya pembeni kama fisi kwenye mfupa, turubai ikakatika uzi kwa uzi pale ilipokwisha kuliwa na watu wawili, akatikisa kichwa, kichwa cha Bonge kikaanguka na kubingirika.

"Wifi! Zima!"

Waliokuwepo wanasema haikuwa sauti ya mtu. Ilipasuka katikati, kama bati. Wifi aliijua hata hivyo, akazima. Viti vilikuwa havijapanda juu pini ilipodondoka. Kile cha ukingoni kikainama upande mmoja, mtoto akateleza mchangani, akainuka na kiatu kimoja.

Hakuna aliyemtazama isipokuwa baba yake. Bustani nzima ilikuwa ikilia kwa ajili ya kichwa.

"Umewaliza watoto," alisema msimamizi kwa upole uleule, akamwachisha kazi na kumrudisha nyumbani. Sauti haikurudi naye. Daktari alimwambia apumzike, na baada ya mapumziko marefu kilichobaki kilikuwa mnong'ono.

Bembea zikatengenezwa, zikafunguliwa. Wa kumrithi Tarumbeta alimwambia mtoto "pole," akafukuzwa. Msimamizi akaja mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu, akakaa kwenye kochi, akamwomba arudi, akasema hana tena wasiwasi naye.

"Usirudi," alisema mama mkwe mgeni alipoondoka. "Wamekula sauti, watakula na mwenyewe."

Tarumbeta akamsogelea sikioni. "Mama, pale hakuna mwingine anayetazama juu."

Wifi bado yuko kwenye swichi. Akiona mikono imepishana, ya yeyote, hata ya mtoto anayecheza, anazima. Watu wanazomea, msimamizi anamwonya, yeye anazima.

Mkanda mpya ni wa nailoni, haung'atiki. Tarumbeta yuko ndani ya Bonge, zamu ya mchana, chini ya bembea.