Mkojo wa Kuazima

Miaka ile sisi wenye virusi vya UKIMWI tulipewa vidonge vya kuzuia kifua kikuu, tumeze kila siku kwa miezi sita. Ili watu wa kliniki wajue kama tunameza, kwanza walituuliza, nasi tukasema tunameza. Wakaanza kuhesabu vilivyobaki kwenye chupa, na watu wakajifunza kumwaga vya ziada chooni asubuhi ya kliniki. Mwishowe wakaleta kikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo. Kikigeuka buluu, umemeza. Kikibaki vilevile, wewe ni mwongo.

Mimi nilikuwa nameza. Naogopa kufa na sioni haya kusema hivyo.

Nilikuwa nikitoka Mwala kwenda kliniki mjini Machakos na jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo laini. Siku nilipopewa majibu yangu nikalia, ndiye aliyeniambia, "Lia haraka, gari inatuacha." Nilimpenda tangu hapo.

Asubuhi moja, tukiwa kwenye foleni ya choo cha kliniki na vikopo mkononi, alinivuta kando.

"Mimi nimewacha hizo dawa wiki mbili," akasema. "Nikimeza natapika. Hata chai sitaki kuona."

"Si umwambie sista?"

"Nimwambie nini? Umesahau vile alimfokea yule mama wa Kithimani mbele ya watu? Niazime mkojo wako kidogo."

Sikuwa nimesahau. Yule mama hakurudi tena kliniki. Na kwetu jirani akiishiwa chumvi humuulizi kwa nini, unamgawia. Nikammiminia nusu ya mkojo wangu, tukacheka mle chooni mpaka mtu akagonga mlango.

Vikaratasi vyote viwili vikageuka buluu. Sista, muuguzi wetu, alifurahi, akamsimamisha jirani yangu mbele ya benchi. "Muone huyu mama," akatuambia. "Mfanye kama yeye." Watu wakampigia makofi.

Tulipofika nyumbani aliomba maji kwangu, akatoa chupa, akameza kidonge nikimwona.

"Mimi si mtu wa kusifiwa bure," akasema.

Nami, mjinga wa wajinga, nikafurahi. Wiki tatu alimeza na kutapika, akatapika na kumeza. Aliponiambia tumbo linamuuma upande wa kulia, nilimwambia ajikaze, imebaki miezi michache. Macho yalipokuwa manjano kama kiini cha yai, ndipo tulipompeleka hospitali, na nguvu za kutembea hakuwa nazo.

Sista alikuja wodini na faili. Akageuza kurasa, akazigeuza tena.

"Hapa anaonekana mzima kabisa," akasema. "Alianza lini kuwa hivi?"

Nikamwambia yote: choo, kikopo, zile wiki mbili. Nilitaka anifokee. Ningemshukuru. Lakini aliketi kwenye ukingo wa kitanda na uso wake ukamlegea.

"Hii dawa huchoma watu wengine maini," akasema. "Mngeniambia siku ile anatapika, ningemsimamishia dawa hapo hapo."

Nililia kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Jirani yangu alikuwa macho, na alikuwa amesikia kila neno. Alitafuta mkono wangu juu ya blanketi.

"Wewe usilie," akaniambia. "Ni mimi niliomba."

Hakufika Jumapili.