Vidole Vitatu Kutoka Kwenye Paji

Nywele za mbele za Paskazia Maige hazitaota tena. Aliyeziua ni wifi yake, Rozina Ojuok, na aliziua akimsaidia.

Ni saa tatu asubuhi, Kiseke, jijini Mwanza. Rozina, msusi mwenye umri wa miaka 44, amesimama kibandani kwake, nyuma ya mteja. Miguu imemvimba. Vidole vinagawa nywele, vinaunga rasta, vinashuka. Mteja anataka akazwe zaidi, ana harusi Jumamosi. Rozina anakataa.

"Hizi zitamaliza hata wiki tatu, mama?"

"Hazitamaliza. Utarudi."

Mteja anasonya. Wengi hawarudi. Zamani Rozina na msaidizi wake walimaliza vichwa vitatu kwa siku, shilingi 15,000 kila kimoja. Sasa yuko peke yake, na akipata kimoja anashukuru.

Kwa miaka 19 ya kazi alikuwa na kipimo chake. Akimaliza kusuka, alimwambia mteja akunje uso. Mteja akiweza, Rozina alifumua na kuanza upya, kwa kukaza zaidi. Wanawake walimeza vidonge vya maumivu, wakalala wameketi, na kesho yake wakamsifu kwa majirani.

Miaka sita iliyopita Paskazia alijifungua mtoto, Josephat. Mtoto alipofikisha miezi mitatu, nywele za mama zilianza kutoka kwa mafungu, zikajaa kwenye kitana na kwenye mto. Paskazia alikuwa akiimba kwaya ya kanisa, mstari wa mbele, na kwaya yao haivai vilemba. Akamkimbilia wifi yake.

Rozina aliamua kwamba damu haifiki kichwani. Alisaga pilipili, akachanganya na mafuta ya nazi, akampaka, kisha akamsuka kwa kukaza ili ngozi iamke.

"Alipolia kwamba panawaka, nilifurahi," anasema. "Nilijua damu imekuja."

Baada ya miezi michache vinywele vifupi vilichomoza pembeni mwa uso. Rozina akavikamata kimoja kimoja, akavifunga ndani ya rasta ili visibaki nje. Alifanya hivyo kila baada ya wiki sita, kwa miaka minne. Vipele vilitoka, vikakauka. Nywele zikazidi kurudi nyuma.

Mwaka jana walikwenda wote wawili kwa daktari wa ngozi mjini. Aliwaeleza kwamba kila unywele una shina lake, na mishipa midogo ya damu inalilisha. Shina linafanya kazi miaka kadhaa, linapumzika kama miezi mitatu, linaangusha unywele na kuanza upya. Mwanamke akijifungua, mashina mengi hupumzika kwa pamoja. Ndiyo maana zilitoka. Na vile vinywele vifupi ndivyo vilivyokuwa nywele zake, zikirudi zenyewe. Lakini shina likivutwa miaka mingi hugeuka kovu, na kovu halioti kitu, hata ulipake nini.

Rozina hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Amekulia Mara, kwenye zizi la baba yake.

"Ng'ombe akizaa wakati wa kiangazi ananyonyoka, mvua ikinyesha akashiba, manyoya yanarudi. Lakini pale ulipopiga chapa ya moto hapaoti mpaka anachinjwa. Nilijua yote mawili tangu mtoto. Kwa binadamu sikuyakumbuka."

Paskazia hajamnunia. Kila Jumamosi anakuja kibandani, anavua kilemba, anasukwa nywele za utosini kwa kulegeza.

"Wifi, nimepata upara kabla ya kaka yako," anasema. "Sasa yeye ndiye anaringa."

Rozina hacheki.

Kwaya Paskazia aliiacha miaka miwili iliyopita. Rozina alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kwaya kumwombea avae kilemba. Jibu lilikuwa kwamba sare ni sare: wavae wanawake wote, au asivae yeyote. Wanawake wa kwaya ni 22. Rozina ananunua vilemba, kimoja kimoja, rangi moja. Amefikisha tisa, na anataka vitimie kabla ya Pasaka ijayo.

Mpaka sasa, gharama ya Paskazia ni hii: vidole vitatu vya upara kutoka kwenye paji, viwili juu ya kila sikio, na Pasaka mbili nyumbani kwake, jirani na kanisa, akisikiliza sehemu yake ikiimbwa na mtu mwingine.