Ini Langu, Si la Mama

Leo nimempeleka Mama hospitali, nikarudi mgonjwa mimi.

Mama katoka kijijini Daudi analalamika ubavu. Daktari akataka kumpima kwa ultrasaundi, ile mpya ambayo akili mnemba inasoma picha za ini. Mama akagoma kabisa.

Akanigeukia: “Lala wewe kwanza nione.”

Daktari akacheka, akakubali. Nikapanda kitandani natabasamu. (Jamani, nilikuwa natabasamu!)

Kompyuta ikapaka ini langu lote rangi nyekundu.

Daktari akaacha kucheka. Akarudia kupima mwenyewe, taratibu.

“Mwalimu, unakunywa pombe?”

“Hata tone.”

“Ini lako lina mafuta mengi.”

Siumwi popote! Mama akamshika daktari koti: “Mwanangu atapona?”

Daktari akasema likiwahiwa linaweza kurudi sawa, nipunguze uzito na soda. Ila kesho nipimwe damu, tujue kama limeshaanza kupata makovu.

Mama naye akapimwa. Ini lake safi, ubavu ni msuli tu.

Sasa amekaa pembeni yangu.

Kuna aliyewahi kuambiwa hivi akapona? Niandikieni. Naogopa kutafuta mtandaoni peke yangu.