Mpiga picha aliyekataa kusema "bonyeza tu uendelee"

Saa tatu asubuhi, sebule imekwisha kufagiliwa na mazulia yameanikwa nje. Mpiga picha ameketi kwenye kigoda, kompyuta mapajani, anapanga picha za harusi ya juzi. Juu ya kabati la vyombo kuna kisanduku cheusi, kikubwa kidogo kuliko mkate, kinakoroma taratibu.

"Hiyo ndiyo stoo yangu ya picha," anasema bila kuinua macho. "Nusu ya mtaa imo humo. Wengine wameshatangulia mbele za haki, lakini humo bado wanacheka."

Mtaani wanamwita Mama Flashi. Mumewe ni dereva wa lori la safari ndefu, na nyumbani anaishi na wanawe wawili na mama mkwe. Harusi moja nzuri hulipa kodi ya mwezi. Mwezi usio na harusi, wanakula kwa picha za vitambulisho.

Wateja wake hufungua picha kwenye simu zao, moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku kile. Kila mteja mpya, yeye mwenyewe humwekea kwenye simu muhuri wa kisanduku, ili simu ikitambue. Kisha kila kinapowaka, kisanduku hutoa cheti chenye muhuri huo, kinachoihakikishia simu kwamba imefika kwa Mama Flashi, si kwa tapeli.

Mwezi uliopita umeme ulikatika mchana kutwa. Uliporudi, kila aliyefungua picha alikutana na maandishi mekundu: tovuti hii si salama, cheti chake kimepitwa na wakati.

Simu zikaanza kulia. Iliyomkosesha raha zaidi ni ya mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa ametoka kumwoza binti yake. Neno la mzee huyo huzunguka mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana.

"Binti zangu wamo humo," alimwambia. "Simu inasema kuna wezi. Nipe picha zangu, halafu zifute zote."

"Nipe nafasi nitazame, mzee wangu."

"Mpaka kesho jioni. Na wenzangu nimeshawaambia."

Mama Flashi alijua mzee akiondoka hataondoka peke yake. Akatengeneza cheti kipya. Wekundu uleule. Akatengeneza kingine.

"Nikadhani simu zimeng'ang'ania kile cha zamani," anasimulia. "Nikafuta, nikaanza upya. Kila ninachozaa kinazaliwa kizee."

Fundi aliyemuuzia kisanduku alimcheka. "Dada, unajitesa bure. Waambie wabonyeze yale maandishi madogo ya chini, waendelee. Watu wote wanafanya hivyo."

"Mama yako ana simu?" alimuuliza.

"Anayo."

"Na akiba yake iko kwenye hiyohiyo?"

"Haya, fanya unavyoona."

Wateja wake wengi ni watu wazima, anaeleza. "Nikiwafundisha leo kuruka onyo kwangu, kesho wataliruka kwa mwizi. Halafu mimi nitalalaje?"

Aliyefumbua jambo ni mama mkwe. Kazi yake pale nyumbani ni kuchambua picha: nani kafumba macho, nani kakatwa kichwa. Kesho yake mchana alizitafuta picha za binti wa mzee zilizokuwa zimebaki, zilizoingizwa asubuhi ile, asizione. Akateremka mpaka mwisho kabisa, kwenye picha za zamani zaidi.

"Mwanangu, hebu njoo. Huyu bibi harusi mbona umemtupa huku chini, nyuma hata ya harusi yako?"

"Wapi, mama?"

"Hapa. Kwa tarehe hii huyu mtoto alikuwa ananyonya. Kaolewa na nepi?"

Walicheka hadi machozi. Kisha Mama Flashi akaacha kucheka.

Ndani ya kisanduku kuna betri ndogo, kama ya saa ya mkononi, inayokikumbusha tarehe umeme usipokuwepo. Ilikuwa imekufa. Umeme uliporudi, kisanduku kiliamka kikidhani ni miaka mingi nyuma, na kila cheti kilichotoa kiliandikwa tarehe za enzi hizo.

Akarekebisha saa, akatoa cheti kimoja. Hakupiga simu. Alitembea hadi dukani kabla jua halijazama, akamwomba mzee afungue kwa mkono wake mwenyewe. Wekundu haukutokea. Mzee alimtazama bintiye kwenye kioo cha simu kwa muda mrefu.

"Na hao wezi wamekwenda wapi?"

"Hawakuwepo, mzee wangu. Saa ilirudi nyuma. Lakini ulifanya vizuri kugoma. Siku nyingine ukiona hivyo, goma vilevile, hata kama ni mimi ninayekubembeleza."

Mzee hakuomba radhi. Alifuta kioo cha simu kwa shati.

"Basi usizifute," alisema. "Na kesho pita nyumbani. Mama yangu hana hata picha moja ya maana, na miaka imekwenda."

Betri mpya imeshawekwa. Sasa, Mungu akimjalia, Mama Flashi anataka kisanduku cha pili akiweke kwa dada yake, ili janga la nyumba moja lisifute sura za mtaa mzima. Anapanga pia kuwakusanya wateja wake sebuleni, awaonyeshe maana ya yale maandishi.

"Sitaki wazoee," anasema. "Nataka mtu akiuona wekundu ashtuke. Na akija kwangu, asiuone."